Polisi Aliyebaki Bunda

Mzee Leonardi anaishi peke yake Kamunyonge, mjini Musoma, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga alipostaafu upolisi.

Mwaka 1978, vita na Uganda vilipoanza, alikuwa konstebo kijana kituoni Bunda. Polisi watano walijitolea kwenda jeshini, yeye akawa wa kwanza kuandika jina. Mkuu wa kituo akaisoma orodha, akalikata jina lake.

"Wewe utabaki. Kituo hakiwezi kufungwa."

"Afande, mimi sina mke wala mtoto. Abaki Thadeo, mkewe ni mjamzito."

"Nimeshasema."

Asubuhi lori likawachukua wenzake. Thadeo, rafiki yake, alimpigia saluti ya utani, wote wakacheka.

Baada ya miezi mitatu ikaja taarifa kwamba Thadeo ameuawa. Leonardi akapanda baiskeli hadi Mugeta. Tereza, mke wa Thadeo, alikuwa anaanika mtama.

"Shemeji, mbona umekuja peke yako?" aliuliza, kisha akakaa chini pale pale juu ya mtama, bila kungoja jibu.

Kabla vita havijaisha, Leonardi alitumwa kupeleka taarifa kama hiyo kwenye nyumba nyingine tano za wanajeshi. Watu wakamjua kwa kazi hiyo. Hata amani iliporudi, alikwenda Bugwema kuulizia ng'ombe walioibwa, na mama mmoja mwenye mtoto jeshini alipomwona akaangua kilio barabarani. Aliambiwa ni habari ya ng'ombe tu, lakini hakunyamaza.

Alipotaka kumwoa Miriamu, mwalimu wa pale Bunda, mama mkwe mtarajiwa alikataa. "Huyu ndiye aliyeleta msiba kwa dada yangu. Sitaki kumwona mlangoni kwangu kila sikukuu." Hakuposa tena.

Wenzake wanne walikwenda, watatu walirudi. Walikutana baa wakisimuliana mapigano ya Masaka na Lukaya, huko Uganda. Leonardi akiingia, walimvutia kiti na kubadili mazungumzo, kwa heshima. Wote watatu sasa ni marehemu.

"Nilikuwaga nikifika kwa mtu, anaita watoto wake kwanza, aone kama wametimia," alimwambia jirani yake, Happyness. "Ndiyo ananisalimia."

Siku hizi, kabla ya kumtembelea mtu, hupiga simu. "Nakuja kusalimia tu. Hakuna baya." Wapo wanaomkaribisha, wapo wanaosema wamesafiri. Jumapili iliyopita alipiga simu mbili, kisha akavua viatu, akanywa chai yake kibarazani.