Mahali Alipoumwa Yusto

Kila lori la nyanya linapofunguliwa turubai hapa Uyole, harufu ya majani mabichi hunirudisha Ilula, kwenye beseni la bluu nililomwogeshea mdogo wangu Yusto. Nimehamahama sana tangu nilipoacha shule darasa la sita, nimeuza mitumba, nimepika mgahawani, lakini harufu hiyo hunikuta popote.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye minne. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Siku moja nikimwogesha, nilimuuliza mama mbele ya wanakwaya wenzake kwa nini Yusto ana vile na mimi sina, nikavitaja kwa jina nililolisikia barabarani. Wanakwaya waliangalia bati kana kwamba linavuja. Walipoondoka, mama alinisugua mdomo kwa sabuni ya mche.

"Huko hakutajwi!"

Yusto alikuwa anatazama. Tangu siku ile, nyumbani kwetu mwili ulikuwa na kichwa, mikono, tumbo na miguu, basi.

Msimu wa nyanya nikaona ana uvimbe huko chini. Akilala, unarudi ndani. Nikanyamaza. Asubuhi moja haukurudi. Yusto alilia, akatapika.

"Unaumwa wapi, baba?" mama alimuuliza.

"Tumbo," akajibu, macho yake yakiwa kwangu.

Mama akampa dawa ya minyoo, akaitapika. Tukaenda zahanati. Nesi alimbonyeza tumbo juu ya sweta, akauliza, akajibiwa vilevile.

"Amekula nyanya mbichi huyu. Nyie watoto wa huku barabarani hamchoki kuzila!"

Mama akacheka kwa adabu, akamweka mgongoni. Yusto hakuwa analia tena. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamelegea. Mama akafunga fundo la kwanza la kitenge. Nilijua akifunga la pili tunaondoka. Ladha ya sabuni ikanijaa mdomoni.

"Si tumbo," nikasema. "Ni pumbu. Limevimba, limekuwa gumu."

Mama alinigeukia kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini nesi alishasimama.

"Mfungue mtoto!"

Alipomvua kaptula, utani uliisha. "Mama, hii ni ngiri, imebana. Mpeleke Iringa sasa hivi, usipite hata nyumbani."

Lori la nyanya lilitubeba. Mama alimpakata Yusto, hakuniangalia njia nzima. Nilihesabu adhabu zangu: akifa, ni kwa sababu nilinyamaza, akipona, nitapigwa kwa sababu nilisema. Bado niliomba apone.

Hospitalini daktari kijana aliuliza, "Mtoto ana shida gani, mama?"

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua. Daktari akasubiri, Yusto akaguna. Kisha mama akanigeukia.

"Neema. Mwambie wewe."

Nilidhani ananitega. Nikasema hivyohivyo, macho nimeyafumba, nikingoja kofi. Halikuja. Nilichosikia ni magurudumu ya kitanda yakikimbia.

Yusto alipasuliwa siku ileile. Leo ana watoto wawili na sauti ya kukera.

Mimi nina binti mmoja. Jioni moja nikimwogesha aliniuliza swali langu lilelile, na ulimi wangu, huu unaosema na kila mtu kwenye stendi zote nilikofanya kazi, ukagoma. Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Hakuwa ananitega. Alilitafuta neno, akalikosa. Sabuni ile hakuianza yeye. Kuna mtu, zamani, alimsugua yeye kwanza.

Nikaweka sabuni chini, nikamjibu mwanangu.