Bibi wa Darasa la Kwanza

Siku mama mdogo wake alipomleta shuleni, mwalimu mkuu alimuuliza binti yule swali moja tu: "Kiswahili unakijua?"

Binti alimtazama mama mdogo wake, kisha akainamisha macho.

"Basi," mkuu akasema, "la kwanza."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwao Msumbiji alikuwa amefika darasa la tano, hadi kijiji kilipochomwa moto na watu wakavuka Ruvuma na walichoweza kushika mkononi. Wazazi wake hawakuvuka. Mama mdogo alikuwa na shemeji yake hapa Kilwa Masoko, ndipo wakaja, akapata mahali pa kukaangia samaki jirani na soko. Hayo aliyaeleza mle ofisini kwa Kimakonde, mimi nikiyatafsiri, maana mama yangu katoka Newala na lugha hiyo nimekua nayo. Nilitafsiri wazi kwamba mtoto amefika la tano. Mkuu alinisikia.

"La tano la kwao," alisema.

Mimi nafundisha hisabati darasa la nne, na mlango wangu unatazamana na wa darasa la kwanza. Kila siku nilimwona kwenye dawati la nyuma, magoti yamekwama chini ya ubao wa dawati, mabega yakiwapita wenzake wote vichwa. Wale watoto wakamwita Bibi. Sidhani walikuwa na ubaya. "Bibi, nifunge kamba!" "Bibi, huyu kanipiga!" Naye akawafunga kamba, akawaamua, akawafuta kamasi, akawapeleka chooni.

Mwalimu wao, mwenzangu ninayempenda, alifurahi. "Mungu kaniletea msaidizi," aliniambia tukinywa chai.

"Huyo ni mwanafunzi, si yaya wako."

"Kwani analia? Mbona mwenyewe anapenda!"

Alikuwa na watoto waliojaa hadi mlangoni, najua. Lakini chai ilinishinda siku ile.

Nikaanza kubaki naye baada ya vipindi. Mara ya kwanza nilimwandikia ubaoni hesabu ya kugawanya, akaichukua chaki na kuipanga kinyume na tunavyopanga sisi: kigawanyo akakiweka kulia, jibu akaliandika chini yake. Nilidhani amepotea. Nikaifuata hesabu hatua kwa hatua, nikaikuta sahihi. Nikampa nyingine ngumu zaidi. Sahihi.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza kwa Kimakonde.

"Baba. Alikuwa mwalimu."

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini alishageuka anafuta ubao, upande ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu kuomba apandishwe darasa. Nilidhani nikimweleza yatakwisha.

"Mwalimu, wewe unanitakia mema?" akaniuliza. "Huyo akiingia la nne atafanya mtihani wa taifa. Kwa Kiswahili kipi? Atatushushia wastani. Si wewe utakayeitwa Lindi kusimama mbele ya wakuu wenzako ueleze kwa nini shule imeshuka."

Si mtu katili. Kusimama huko kulishampata, na tangu hapo wastani ndio umekuwa usingizi wake na chakula chake. Nilimsumbua muhula mzima mpaka akachoka. Januari akakubali. "La nne sawa. Lakini habari za mtihani usinitajie."

Binti alikuja darasani kwangu na Kiswahili kikamjia kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kilikuwa na Kimakonde ndani yake, lakini hata nusu ya darasa langu wanazungumza hivyo. Kufika kipupwe alikuwa akibishana na wavulana kuhusu zamu ya kufagia, na akishinda. Mtihani tu ndio ulikuwa haumhusu. Jina lake halikupelekwa, na asiyeufanya haendi la tano.

Nikaenda ofisi ya elimu. Afisa alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. "Mkuu wako anasemaje?" Nikarudi kwa mkuu. "Ofisi inasemaje?" Nikaenda tena ofisini, afisa yuko safarini. Nikaenda tena, akaniambia dirisha la kusajili watahiniwa limefungwa, tungewahi. Nilitembea kurudi shuleni nimeuma meno. Kumbe tungewahi!

Siku ya mtihani nilikuwa nimeshamwambia abaki nyumbani. Alikuja hivyo hivyo, sare imepigwa pasi. Mkuu alimkuta kwenye mstari.

"Wewe nenda la kwanza, kamsaidie mwalimu."

"Kule siendi," akasema, kwa Kiswahili safi, wote tukasikia. Akatoka getini, na mimi nilikuwa nimeshika kengele, sikuweza kumfuata.

Hakurudi siku iliyofuata, wala wiki ile. Nikamfuata sokoni. Alikuwa akigeuza samaki kwenye karai, akanipa shikamoo bila kuinua uso.

"Nimemwambia arudi," mama mdogo wake alisema. "Lakini mwalimu, mkubwa huyu, nitambeba mgongoni?"

Binti akaniuliza, "Nikirudi, nitakuwa darasa gani?"

"La nne."

"Na mwakani?"

Niliondoka na samaki niliofungiwa kwenye gazeti, na hamu ya kula sikuwa nayo.

Aliyemrudisha si mimi. Shule zilipofunguliwa, mama mdogo aliacha karai lake, akaja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Alikaa mpaka mkuu alipoona aibu kupita mbele yake. Safari hii jina lilipelekwa. Walimu wenzangu walinipongeza kana kwamba kazi ni yangu, na mkuu mwenyewe aliniambia, "Umeona? Subira."

Sasa binti yuko kwangu, la nne kwa mara ya pili, anajifunza mambo aliyoyajua kabla hajavuka mto. Niliomba nimpe kitabu cha la tano, nikaambiwa nisimchanganye. Nikiandika hesabu ubaoni anamaliza wenzake hawajachonga penseli. Anaweka kalamu chini, anakunja mikono, anatazama nje. Nami naendelea kufundisha.