Simu Yangu Inasema Nimelipwa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana kuanzia Nguvumali mpaka Pongwe hakuna kijana anayenifikia. Nina miaka 24, shule niliacha kidato cha pili baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha, na dawati nikiligonga mimi, hata mwalimu mkuu anatamani kurudi darasa la kwanza. Chekeni, lakini hapa nilipo sina raha.

Karakana yetu iko Pongwe, mimi na Mbwana. Hatukutoka tumbo moja, ila mama yake ndiye aliyeninyonyesha wangu alipougua, kwa hiyo ni ndugu hata kwa dini. Mkandarasi mmoja alishinda zabuni ya madawati ya shule, akatumegea kazi. Mbao hatukuwa na uwezo nazo, basi Mama Mbwana akauza ng'ombe wake. "Chukueni wanangu, mtanirudishia mkilipwa."

Madawati tukayapeleka. Sasa, siku hizi kwenye manunuzi ya serikali kuna utaratibu mpya: mkandarasi akitaka malipo yanayofuata, lazima aonyeshe kwenye mfumo kwamba sisi wadogo ametulipa, na sisi tuthibitishe kwa simu zetu. Halafu inawekwa wazi, kila mtu anasoma. Wallahi imewekwa kutulinda.

Mkandarasi akanipigia, "Fundi wangu, bonyeza umelipwa ili hela yangu itoke, jioni na yako inaingia." Huku kwetu ndivyo tulivyozoea, unasaini kwanza hela inafuata. Nikabonyeza. Jioni kimya. Mpaka leo hapatikani.

Nikaenda halmashauri. Dada wa manunuzi akanigeuzia kompyuta. "Kaka, umethibitisha mwenyewe kwa namba yako. Nimwamini nani, wewe wa leo au wewe wa siku ile?" Mimi ninayemjibu kila mtu, nikaaga nikaondoka.

Mtu akaipiga picha ile taarifa ya mfumo kwamba nimelipwa, akairusha kwenye grupu la mtaa. Nilipofika kwa Mama Mbwana nikamwambia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema bila kunitazama, "Ungeniambia una shida, mwanangu, ningekupa. Kulikoni uninyang'anye?"

Nikamfuata Mbwana anitetee. Akasema, "Nitasema nini? Hela sijaiona. Nilichokiona ni kidole chako tu."

Watu wote nimewaambia nilitapeliwa, na kweli nilitapeliwa. Ila sijawaambia kwamba Mbwana siku ile alinishika mkono. "Usikubali kitu hujakipokea, ng'ombe alikuwa wa mama." Mafundi wenzetu walikuwa wanatuangalia. Nikamcheka, nikamwambia yeye mshamba, ndiyo maana mkandarasi anapiga kwangu hapigi kwake. Mkandarasi hakunilazimisha. Nilibonyeza ili nimkomeshe ndugu yangu mbele za watu.

Nishaurini jamani. Mama yule nitamwingiaje, na Mbwana nimwambie nini?