Yule Niliyemlilia Shimoni

Chekeni tu, hata mimi nikikumbuka nafunika uso, ila msinikatize mpaka nimalize, maana kuna watu huko Iringa wanaisimulia habari hii utadhani nililewa, wakati siku ile sikuonja hata tone la ulanzi (uliletwa, ndiyo, nitafika huko).

Mimi ni mtoto wa Ilomba, Mbeya. Nilisoma chuo Iringa, nikamaliza, nikapata kibarua kwa watu wanaochimba mambo ya kale katika kijiji kimoja nje ya mji, kazi ya kupiga magoti kutwa nzima na brashi, unafagia udongo taratibu kama unafagia unga. Tulikuwa tunapata mawe na vigae, basi. Ila siku moja jioni tukamfikia mtu. Mifupa mitupu, ya zamani mno, lakini alikuwa amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kiganja kimewekwa chini ya shavu, shanga shingoni. Bosi wetu, tuliyemwita Dokta, akatuonya tusimwambie mtu kijijini mpaka kesho, atakapowaleta mwenyekiti na wageni wa wilayani aeleze mwenyewe, maana habari za makaburi zikienda vibaya kazi inafungwa.

Kesho yake mchana wenzangu wakaenda barabarani kuwapokea wageni, nikaachwa kulinda. Jua lilikuwa kali, na mifupa ikikauka haraka inapasuka. Turubai letu lilijaa matope, nami nikaona aibu wageni walikute vile, kwa hiyo nikafungua kitenge changu cha kiunoni nikamfunika. Ni hicho tu nilichofanya.

Sasa nilipomwona amefunikwa, nikamkumbuka baba. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Dar mpaka Zambia, akaugua safarini akafia katika mji mmoja kulekule Zambia, na simu ilipotufikia walikuwa wameshamzika. Ilomba tulikaa msiba na picha yake juu ya kiti. Mama hajui kaburi liko upande gani wa mji ule. Na mimi tangu utoto nina swali ambalo sijapata wa kumuuliza: nani alimlaza? Alimlaza vizuri, au alimtupia udongo akaondoka? Halafu huyu hapa, mtu wa kale kabisa, kuna aliyejali hata mkono wake uwe wapi. Niliona wivu, jamani. Nikakaa chini humo shimoni, miguu nimenyoosha, nikalia, na sisi Wanyakyusa hatulii kimya kimya, nilimwita Tata, yaani baba, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Akapita Mama Anitha, mama mtu mzima aliyekuwa akituuzia maziwa. Na mnajua kwetu mtu akisikia kilio haulizi, anaingia, anakaa, analia na mfiwa kwanza, maswali baadaye. Aliona mtu kafunikwa kitenge, akaniona mimi, akatua ndoo yake, akashuka, akanikumbatia, akalia. Ningeweza kumwambia palepale. Lakini baba alipofariki kila mtu alimkumbatia mama, sisi watoto tukaambiwa tukachote maji, na sasa kifua cha Mama Anitha kilikuwa na joto, nikajiambia kidogo tu, kisha nitaeleza.

Hicho kidogo ndicho kilichoniponza. Wakaja wanawake kutoka mashambani na majembe yao, wakaja wengine na kuni na unga. Wanaume wakakaa pembeni juu ya masanduku yetu ya vifaa, dumu la ulanzi katikati. Kuna waliowasha moto, na mafiga yao (Mungu anisamehe) yalikuwa mawe matatu tuliyoyachimba kwa wiki nzima na kuyaandika namba. Kila nikifungua mdomo nieleze, naambiwa nyamaza mwanangu, usijichoshe. Hata katekista akafika.

Ndipo magari yakaingia. Mama mmoja, kiongozi wa wilayani, kuona msiba, akavua miwani ya jua, akajifunga khanga, akakaa chini na wanawake. Mwenyekiti alibaki ameduwaa, kwani kijijini kwake hakuna aliyefariki. Dokta aliniangalia, akaangalia mafiga, akaniangalia tena.

Katekista akasimama. "Tumwombee marehemu. Naomba jina lake."

Nikasema silijui. Mama Anitha akainua pembe ya kitenge taratibu amtazame usoni. Watu wakanyoosha shingo, wakaona fuvu. Kisha mzee mmoja wa upande wa ulanzi akasema, "Huyu mbona msiba wake tumechelewa sana?"

Mwanamke mmoja akaanza kucheka ndani ya khanga yake, wakafuata wengine, mama wa wilayani alicheka mpaka akashika mbavu. Watu husema natamani ardhi inimeze, mimi nilikuwa nimeshamo.

Mama Anitha peke yake hakucheka. "Sasa wewe ulikuwa unamlilia nani?"

"Baba," nikasema. "Alizikwa Zambia. Kaburi lake sijaliona."

Kicheko kikakatika. Akamgeukia katekista. "Wa kuombewa ndiye huyo. Taja jina la baba yako, mama."

Nikalitaja. Ambakisye. Wahehe wale ambao hawakuwahi kumwona wakainamisha vichwa wakamwombea Ambakisye, na waliokuwa wamelia bure wakalia tena, safari hii wakijua kwa nini. Baada ya hapo ugali ulikuwa umeiva, tukala wote, hata Dokta alikula, macho kwenye mawe yake yaliyojaa masizi.

Kazi haikufungwa. Mwenyekiti alisema kijiji kilichokwisha kula msibani hakiwezi kugombana na wafiwa. Lakini Dokta alinisema mpaka nikakonda, na wenzangu hadi leo wananiita Mfiwa. Nimeapa, kilio kikinibana tena kazini nitakwenda kulilia chooni kama wafanyakazi wenye akili zao.

Jioni ile nilimpigia mama simu Ilomba, nikamsimulia yote, nikingoja anicheke au anigombeze. Akauliza tu kama waliolia walikuwa wengi. Nikamwambia walijaa.

"Afadhali," akasema. "Kule sijui kama kuna aliyemlilia."