Gauni la Madame Kiwanjani

Nawasimulia hili huku uso umenishuka, maana mpaka leo wapo watu wa cité, mtaa wetu Waafrika, ambao wakiniona sokoni wanaziba midomo yao wasicheke. Nilikuwa mpiga pasi katika chumba cha udobi cha hoteli moja ya Wazungu hapa Élisabethville. Kapita wetu, yaani msimamizi wetu, aliitwa Gaspard, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ya kanisani. Siku moja alinivika kichwani kofia ya bibi wa Kizungu iliyokuwa inasubiri kusafishwa, akasema nisalimie kama madame, nami (mjinga mimi, nilikuwa mgeni na nilitaka wanipende) nikainama, watu wakacheka, nikaona ni mchezo tu.

Mchezo haukuisha. Kuanzia hapo nikawa Madame: Madame beba mashuka yaliyoloa, Madame kula na paka, na nikikawia ananibana sikio mpaka machozi yanatoka, na wenzangu wanacheka kwa kuogopa zamu yao. Nyumbani mke wangu, Veronika, akiniuliza habari za kazi, najibu, "Kazi iko muzuri."

Basi siku ya sikukuu tukamaliza kazi mapema. Ndani mle kwa joto la makaa tulifanya kazi na vipande vya nguo viunoni tu, suruali tunazitundika ukutani. Naenda kuchukua yangu, haipo. Gaspard akanionyesha gauni la maua lililokwisha kupigwa pasi.

"Suruali yako iko kule kwa nyumba ya kuni. Vaa ile nguo, kisha wende kuitwaa. Ukikatala, kesho usirudie kazi."

Nikafikiri: kiwanja ni kidogo, nitakimbia, hakuna atakayeniona. Nikavaa. Kumbe lango liko wazi, wapita njia wamesimama, wageni wako barazani na vinywaji vyao, na pale langoni kasimama Veronika na mtoto mgongoni, amekuja ili twende pamoja kwa dada yake huko Kasungami. Nikajikwaa kwenye pindo, nikaanguka kifudifudi matopeni. Barazani mwanamke akapiga yowe: gauni lake.

Bwana wa hoteli akaja, akanipiga kofi kabla ya kuuliza. Gaspard akasema kwa upole, "Huyu muntu ni mwizi, bwana."

Wenzangu wote wakatazama chini. Ni Pius peke yake, mfua nguo kutoka Kasai ambaye hata hatukuwa marafiki, aliyekuja kusimama kando yangu.

"Hakuiba, bwana. Kapita njo alificha suruali yake. Anamutesa kila siku, sisi bote tunaona."

Bwana akawatazama wengine. Hakuna aliyefungua kinywa. Basi tukafukuzwa, mimi na Pius, na Gaspard akabaki kapita.

Kasungami hatukwenda. Njiani Veronika akauliza, "Tangu siku gani banakufanyia vile?"

"Tangu nilianza."

"Na miye ulikuwa unaniambia nini?"

Alilia, si kwa ajili ya kazi iliyopotea, bali kwa sababu nilikuwa nimeteswa ubavuni pake naye hajui.

Pius alihangaika sana kabla ya kupata kibarua cha matofali huko Naviundu, na ni yeye aliyeniita nami. Nilimwomba radhi kwa mkate niliomharibia. Akasema, "Ningekuwa nimesema mbele, wakati alikubana sikio mara ya kwanza. Siku ile bengine bangenifuata. Nilichelewa."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kofi, kwamba tulikuwa chumba kizima cha watu na kila mmoja aliona peke yake. Sasa mtu akionewa pale kwenye tanuri la matofali, tunakwenda watatu, wanne, kwa msimamizi siku ileile. Mara nyingine anasikia, mara nyingine anatufukuza kama kuku. Na jioni namwambia Veronika kila kitu, hata yale ya aibu. Kuficha sitaficha tena.