Mtoto Aliyekausha Chemchemi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikausha chemchemi ya kijiji kizima kwa sufuria moja. Ndivyo nilivyoamini, na ndivyo walivyoamini watu wazima wenye akili zao timamu.

Kwetu ni milimani, juu ya Bigwa, nje kidogo ya mji. Chemchemi ilitoka chini ya msitu mdogo wa ukoo, na mwiko wake ulijulikana hata kwa wanaonyonya: usichovye chombo chenye masizi. Ukichovya, mzimu mwenye maji anachukia, anahama. Tulichota kwa kata safi na kujaza ndoo polepole. Maji yale ndiyo yaliyotulisha, maana bibi alikuwa na bustani ya mchicha na magimbi bondeni, na mama alishuka na mzigo wa mboga kichwani mpaka sokoni mjini.

Siku moja nilikuwa nachelewa shule na kata siioni. Nikachovya sufuria ya ugali, nyeusi tii, nikaona weusi ukisambaa majini. Nikakimbia.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja tulifika tukakuta tope, na kaa mmoja akihangaika ndani yake. Mama aliachia ndoo ikabingirika bondeni na hakuifuata. Mimi nilijikojolea. Nasema wazi, ndivyo ilivyokuwa.

Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye sauti alikuwa mjomba Pius, kaka yake mama. Ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuingia msituni kufanya tambiko. Aliita watu uani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Nani kachovya masizi?"

Nilikiri nikilia kwa kwikwi.

"Mmesikia wenyewe," akasema mjomba. "Mtoto huyu aondoke. Akakae mjini kwa baba yake, mwenye maji amsahau."

Alinitazama usoni alipokuwa akisema hivyo. Mama akaingia ndani. Nguo zangu zikafungwa kwenye kanga.

Kesho yake bibi ndiye aliyepaswa kunishusha mjini. Badala yake alinishika mkono tukapanda msituni, mahali ambapo mwanamke hakanyagi.

"Bibi, tutakufa!"

"Tunaenda kumwomba mwenye maji msamaha, mjukuu wangu. Akitaka kuua, na aanze na mimi niliyezeeka."

Tulipita miti ya kwanza, na ya pili. Kisha hapakuwa na mti. Kutoka kijijini uliona msitu mzima, kumbe mjomba alikuwa ameacha miti ya pembeni kama pazia, na ndani kulikuwa na visiki, majivu, shimo la kupasulia mbao, na maharage yaliyopaliliwa vizuri sana. Koti lake lilitundikwa kwenye kijiti.

Bibi alikaa juu ya kisiki. "Pius," alisema. "Pius niliyemzaa mimi!" Sijapata kuona mtu mzima akishtuka vile. Nilimshika mikono. Alipopata nguvu aling'oa shina moja la maharage, akashuka nalo, akaita watu, akalitupa katikati ya uani mbele yao.

"Masizi ndiyo haya!"

Mjomba hakukana. Alisema tu kwamba ana watoto wa kusomesha.

Nilibaki nyumbani, lakini maji hayarudi kwa aibu ya mtu. Bustani ya bibi ilipasuka nyufa, na mama akaanza kushinda stendi ya mabasi ya Msamvu, mjini, akiuza karanga, akirudi na miguu imevimba. Kijiji kilipanda mikuyu na miti mingine ya asili, kila nyumba ikimwagilia ya kwake kwa maji ya mbali. Nilikuwa nimemaliza sekondari maji yalipoanza kutoka tena, membamba kama uzi. Leo bondeni kuna mboga, msituni kuna mizinga ya nyuki, na akina mama wanauza asali badala ya kushinda stendi. Wataalamu wanapotuletea semina kuhusu faida za msitu nawasikiliza kwa heshima, ingawa sisi tulishafundishwa na njaa.

Mwiko wenyewe siudharau. Uliyafanya maji yale yawe safi kwa miaka mingi. Kosa letu ni kwamba tuliuelekeza kwa mtoto mwenye sufuria, na mwenye shoka tukamwachia mlango, kwa kuwa ni mkubwa na haulizwi.

Mjomba alizeeka akiwa mtu mwema, tukamzika kwa machozi ya kweli, yangu yakiwemo. Hakuwahi kunitaka radhi. Nami sasa nina watoto, na kila nikikumbuka nashtuka upya, wala si kwa ajili ya maji. Nilisimama mbele yake nikilia kwa kosa lake, na alikuwa anajua.