Mguu Uliochelewa Kurudi

Mimi ndiye niliyesema mkwe wangu arudishwe kwao. Nasema hili mapema, mtu asije akanisifu nikianza kumsifu Chediel, tabibu wa zahanati yetu ya Iguguno.

Ilikuwa mwaka 1993, enzi za ruksa, watu binafsi walipoanza kuruhusiwa biashara. Loyce, mke wa mwanangu Manase, alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja. Tangu ajifungue aliingiwa na uvivu, au ndivyo nilivyouita mimi. Alisinzia mchana, alijifunika blanketi juani, na sauti yake ikawa nzito kama ya mwanamume. Wazee wakipita, shikamoo yake ilitoka wakati wameshafika kwa jirani. Kwetu Unyiramba hilo si kosa dogo. Wengine walisema amerogwa. Mimi nikasema ana kiburi, na kikao cha ukoo kikapangwa Jumamosi.

Manase alinibembeleza nimpeleke mkewe zahanati kwanza. Dawa za kuongeza damu alishakunywa, hazikusaidia kitu. Rovu tunalijua, bibi zetu wengi walikuwa nalo, lakini shingo ya Loyce haikuwa na uvimbe wowote.

Chediel alikuwa mtu mfupi, suruali imepauka, haraka haijui. Alimsalimia Loyce, akanyamaza akingoja. Nilitaka kumjibia, akaniinulia kiganja. Jibu lilipofika, akamwambia apige magoti juu ya kiti, nyayo zining'inie nje, akamgonga juu ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, kisha ukarudi polepole mno, hata nikadhani umesahau njia.

"Sasa wewe, mama," akaniambia.

Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nikapanda kiti. Wangu uliruka na kurudi kabla sijakasirika.

"Huyu hana kiburi," akasema. "Nadhani tezi iliyo shingoni mwake imelala, na mwili wote umelala nayo."

Niliingiwa na hofu, ile ya kanisani. Bila mashine, bila umeme, mtu ameuona ugonjwa wa shingo kwenye kisigino! Na bado hakujiamini kama tulivyojiamini sisi. Alituma damu hospitali kubwa kwa basi, kisha Jumamosi akaja mwenyewe kikaoni kuwaomba wazee wangoje majibu. Tulingoja wiki saba, majibu yakaja vilevile kama alivyosema.

Vidonge vya kuiamsha tezi havikuwepo bohari ya serikali. Vililetwa na duka la dawa la mtu binafsi lililokuwa limefunguliwa Singida mjini. Chediel alimwanzishia dozi ndogo sana, akaipandisha kidogo kidogo, akisema moyo uliolala hauamshwi kwa kelele.

Mwezi wa tatu tangu aanze dawa, Loyce alinikuta jikoni. Sauti ilikuwa yake ile ya zamani.

"Mama, siku zile nilikuwa nayasikia yote mliyosema. Jibu ndilo lililokuwa linachelewa."

Nikafungua kinywa nimwombe radhi, maneno yakagoma. Loyce akaningoja.